Bayleaf: nyumba ya mkulima wa Kent iliyojengwa kwa mialoni mibichi, tuichambue kiungo kwa kiungo

Kombamoyo (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa nyumba moja tu. Inaitwa Bayleaf. Ilikuwa nyumba ya shamba huko Chiddingstone, Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Sehemu kubwa ilijengwa kati ya 1405 na 1430, na ubavu mmoja ukaongezwa mwanzoni mwa karne ya 16. Bonde la Bough Beech lilipotakiwa kujazwa maji liwe bwawa, nyumba ilifumuliwa mti mmoja mmoja mwaka 1968 na 1969, kisha ikasimamishwa upya mwaka 1972 katika makumbusho ya wazi ya Weald and Downland, kijijini Singleton, West Sussex. Mpaka leo watu wanaingia ndani na kuwasha moto sakafuni.

Mpango wake ni huu. Katikati kuna sebule kubwa isiyo na dari, ukiinua macho unaona paa moja kwa moja. Mwisho mmoja wa sebule kuna milango miwili inayotazamana, wa mbele na wa nyuma, na kati yake ni njia ya kupita. Ukivuka njia hiyo unakuta vyumba viwili vidogo vya akiba: kimoja cha pombe na vinywaji, kingine cha mkate na vyakula vikavu. Mwisho wa pili wa sebule, upande wa heshima ilipokaa meza ya mwenye nyumba, kuna chumba cha chini. Juu ya kila mwisho kuna chumba cha ghorofani. Jumla vyumba sita: vinne chini, viwili juu. Chumba cha juu cha wenye nyumba kina hata choo kidogo kilichochomoza nje ya ukuta.

Ukiitazama kwa mbele, vyumba vya ghorofani vya pande zote mbili vimetokeza mbele kuliko ukuta wa chini yake, na sebule katikati imerudi ndani, lakini paa limepita moja kwa moja juu ya zote tatu. Kwa hiyo mbele ya sebule upenu unabaki mpana, na mti unaobeba upenu huo unaning'inia hewani, umeshikiliwa na mikono miwili ya mti iliyopinda kutoka kwenye mbavu za nyumba. Huo ndio mtindo wa nyumba za Weald, eneo la kusini mashariki mwa Uingereza, na Kent ndiko zilikobaki nyingi kuliko kwingine.

Tuanze na kiunzi. Maswali karibuni.

Mwanagenzi

Shikamoo mzee Kombamoyo. Nimesoma kwamba hakuna msumari hata mmoja kwenye kiunzi. Sasa kinashikwa na nini? Na kwa nini wasitumie chuma, wahunzi si walikuwepo?

Kombamoyo

Marahaba kijana. Wahunzi walikuwepo, na misumari ilitumika kwenye papi za paa (vipande vyembamba vya mti vinavyobeba vigae) na kwenye milango. Kwenye kiunzi haikutakiwa kwa sababu mbili. Mwaloni una tindikali inayokula chuma: msumari unafanya kutu, unaacha doa jeusi, na tundu lake linapanuka. Pili, msumari hauvuti. Unaweza kuzuia mti usitoke, lakini hauwezi kuukaza bega kwa bega na mwenzake.

Kinachokaza ni kigingi cha mti kilichopigwa kwenye matundu yasiyolingana. Angalia hatua zake. Mti mmoja unachongwa ulimi, wa pili unatobolewa tundu la kupokea ulimi huo. Unene wa ulimi kwa kawaida ni inchi moja na nusu, yaani kama milimita 38, na upana wa juba la fundi, yaani patasi yake ya kutobolea, ndio unaoamua. Tundu la kigingi linatobolewa kwanza kwenye mti wenye tundu la ulimi, kupita mashavu yote mawili. Ulimi unaingizwa, ncha ya keekee inapachikwa kwenye tundu ili iache alama juu ya ulimi, kisha ulimi unatolewa. Sasa tundu la ulimi halitobolewi pale pale penye alama. Linasogezwa milimita 2 hadi 3 kuelekea bega. Viungo vikirudishwa, matundu yanapishana kidogo. Kigingi chenye ncha iliyochongoka kikipigwa, kinalazimika kupinda ndani na kuvuta mabega yakutane.

Kigingi ni cha mwaloni uliopasuliwa kufuata nyuzi zake, si uliokatwa kwa msumeno, na kiwe kikavu. Unene wake ni robo tatu ya inchi hadi inchi moja. Cha msumeno kinakatika pale nyuzi zinapotoka kando.

Makosa yanayoonekana mara nyingi: kusogeza tundu kupita kiasi, ukifika milimita 5 au 6 unapasua mbele ya ulimi, na ufa huo umejificha ndani ya tundu, huuoni mpaka kiungo kilegee. La pili ni kutumia kigingi kibichi. Kinasinyaa pamoja na mti, na mvutano wote unapotea.

Juba na Tezo

Naongezea kwa mzee hapo juu, maana jambo la ubichi ndilo moyo wa nyumba hizi. Mialoni ilikatwa na kuchongwa ingali mibichi, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mwaloni mkavu unagoma juba na tezo, mbichi unachongeka vizuri. Na kukausha gogo la sentimita 30 hewani kungechukua miaka zaidi ya kumi.

Ukichonga mbichi lazima ujue utakavyosinyaa. Kwa urefu, karibu hausogei. Kwa upana unasogea, na kufuata mzunguko wa pete unasinyaa takriban mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda nje. Boriti ya upana wa sentimita 25 inaweza kupungua kati ya sentimita 1 na 2. Kwa hiyo fundi anaacha nafasi ndani ya tundu nyuma ya ncha ya ulimi, ili mti ukisinyaa ulimi usigonge mwisho na kusukuma kiungo kifunguke. Nyufa ndefu unazoziona kwenye nguzo ni za kukauka tu, na mara nyingi hazina madhara. Wenye nyumba wakiziona wanakimbilia kuzijaza dawa ngumu ya kuziba, na hapo ndipo wanapoharibu: maji yakiingia nyuma ya dawa hayatoki.

Uzito nao msiusahau. Mwaloni mbichi una takriban tani moja kwa mita ya ujazo. Boriti ya kukingama ya mita 6 yenye sentimita 30 kwa 30 ina zaidi ya nusu tani, na ilipandishwa kwa kamba, nguzo na watu.

BintiShela

Naomba tuelewane majina, maana kila mtu ana lake. Mti wa chini unaolala juu ya msingi mnauitaje? Na ule wa juu ya ukuta?

Kombamoyo

Umefanya vizuri kuuliza, dada. Kwenye uzi huu tutumie hivi. Mti unaolala juu ya msingi wa mawe, ambao nguzo zote zimesimama juu yake, tuuite kitako cha ukuta. Mti unaolala juu ya nguzo, unaopokea makombamoyo, yaani miti ya mshazari ya paa, ni mtambaapanya, kama kwetu. Unaokingama kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma kuzuia kuta zisitanuke ni boriti ya kukingama. Vipande vya hanamu vinavyofunga kona ni mikono. Kati ya jozi moja ya nguzo na jozi inayofuata, tuseme chumba kimoja cha kiunzi. Sebule ya Bayleaf ina vyumba viwili vya kiunzi bila ukuta kati yake, na ndiyo maana ni pana hivyo.

Sasa nguzo. Nguzo kuu zimesimamishwa kichwa chini: upande wa mizizi, ulio mnene zaidi, umewekwa juu. Pale juu viti vitatu vinakutana, yaani nguzo, mtambaapanya na boriti ya kukingama, na kila mmoja anataka nafasi. Nguzo inatoa ulimi mmoja kwenda kwenye mtambaapanya, na nyuma yake, kwenye unene ule wa ziada, inatoa ulimi wa pili unaopanda kuingia kwenye boriti ya kukingama. Boriti nayo imechongwa chini yake umbo linalopanuka kuelekea mwishoni, likakaa juu ya mtambaapanya kwenye mchongo wa umbo hilo hilo. Boriti ikitaka kuteleza kwenda ndani, umbo lile linagoma. Kiungo kimoja, lakini kinazuia mtambaapanya usisukumwe nje na paa, kinazuia nguzo isilale, na kinafunga kuta mbili pamoja. Mafundi wa Uingereza walikitumia kwa mamia ya miaka bila kukibadilisha sana.

Mwanagenzi

Nimeelewa. Ila mzee, hapo kwenye "viti vitatu" ulimaanisha miti mitatu?

Kombamoyo

Naam, miti mitatu. Asante kwa kusahihisha.

Pete za Mti

Kuhusu tarehe, naomba nieleze 1405 hadi 1430 inatoka wapi, maana hakuna karatasi ya ujenzi. Inatoka kwenye mti wenyewe. Mwaloni unaongeza pete moja kila mwaka: pana mwaka wa mvua nzuri, nyembamba mwaka mbaya. Sampuli inatobolewa kwa keekee yenye mdomo wazi, inatoka fimbo nyembamba, pete zinapimwa kwa sehemu ndogo za milimita na mpangilio wake unalinganishwa na kumbukumbu ndefu ya mialoni ya eneo hilo. Pete chini ya 50 kwa kawaida hazitoshi, kwa kuwa mpangilio mfupi unaweza kufanana na zaidi ya mahali pamoja.

Penye gome au pete ya mwisho chini ya gome, unapata mwaka wa kukatwa, pengine na majira. Gome likiwa limechongwa lakini sehemu nyeupe ya nje ikabaki kidogo, unakadiria: mialoni ya Uingereza huwa na pete 9 hadi 41 katika sehemu hiyo nyeupe. Ndiyo maana majibu mengi yanakuja kama kipindi na si mwaka mmoja. Na kwa sababu miti ilitumika mibichi, kama alivyosema Juba na Tezo, mwaka wa kukatwa unakaribiana sana na mwaka wa kujenga. Kama wangekausha kwanza, kipimo hiki kisingetuambia mengi kuhusu nyumba.

Mkandikaji

Mimi nije kwenye kuta, maana hapa mtu wa pwani hahitaji mkalimani. Kati ya nguzo na nguzo Bayleaf imejazwa fito na udongo. Utaratibu wao: vijiti vya mwaloni vilivyopasuliwa vinachongwa ncha juu, vinaingizwa kwenye matundu yaliyotobolewa chini ya mti wa juu, kisha sehemu ya chini inatelezeshwa kwenye mfereji uliochongwa juu ya mti wa chini mpaka vikaze. Nafasi kati ya kijiti na kijiti ni kama sentimita 20 hadi 30. Halafu zinasukwa fito za heizeli, mti mwembamba unaonyumbulika, kupita mbele ya kijiti kimoja na nyuma ya kinachofuata, kama mtu anasuka jamvi. Unene wa fito ni kidole hadi kidole gumba.

Udongo wao ni mfinyanzi wa chini, si ule mweusi wa juu wenye majani yaliyooza, ukachanganywa na mchanga, majani makavu ya ngano yaliyokatwakatwa na mavi ya ng'ombe. Unakanyagwa mpaka ushikane. Watu wawili wanasimama pande mbili za ukuta na kuusukuma kwa wakati mmoja ili udongo ukutane katikati ya fito. Mtu mmoja akifanya peke yake upande mmoja kisha mwingine, pande hizo mbili hazishikani, na baada ya miaka unakuta upande mzima umebanduka kama ganda.

Sasa tofauti na kwetu. Pwani nguzo tunazichimbia ardhini, fito tunazifunga kwa kamba kwa nje na ndani ya miti iliyosimama, kisha tunajaza mawe na udongo katikati. Ukuta wetu wenyewe unasaidia kubeba. Ukuta wa Bayleaf haubebi kitu. Unaweza kuutoa wote na nyumba ikabaki imesimama, kwa kuwa mzigo umo kwenye kiunzi na ukinzani wa upepo umo kwenye mikono ya kona. Na kutokuchimbia nguzo ndiyo iliyoipa miaka 600. Mti uliochimbiwa ardhini unaoza pale pale usawa wa udongo, penye unyevu na hewa pamoja.

Makosa ya udongo: mfinyanzi ukizidi, unapasuka. Mchanga ukizidi, unapukutika. Na lolote ufanyalo, ukikauka utasinyaa na kuacha mwanya pembeni, penye mti. Mwanya huo unajazwa mara ya pili baada ya kukauka kabisa, kwa udongo na chokaa, na kazi inamalizwa kwa kupaka chokaa nyembamba mara nne au tano. Ukiipaka nzito mara moja inabanduka.

BintiShela

Ahsante kaka Mkandikaji. Na paa je? Naona kwenye picha kuna nguzo fupi imesimama juu ya boriti katikati ya sebule, ina mikono minne kama mti wenye matawi. Nilidhani inabeba mwamba wa juu kabisa, lakini haifiki huko.

Kombamoyo

Umeona vyema, na hapo ndipo paa lao linapoachana na letu. Kwetu mwamba wa juu unabeba vichwa vya makombamoyo. Bayleaf haina mwamba wa juu kabisa! Makombamoyo yamekutana mawili mawili kileleni, kichwa kimoja kimeingia ndani ya mdomo wa mwenzake na kigingi kimoja kimepita. Kila jozi ina mti mdogo unaokingama katikati ya urefu, ikawa umbo la herufi A. Herufi A zimesimama moja baada ya nyingine, nyumba nzima.

Hatari ya mpangilio huo ni kulala: upepo ukipiga ncha ya nyumba, zote zinaweza kuinamia upande mmoja kama kuti zilizopangwa wima. Dawa yake ni ile nguzo fupi. Imesimama juu ya boriti ya kukingama, inabeba mti mrefu unaopita chini ya ile miti midogo inayokingama kwenye kila herufi A, na mikono yake miwili inashika mti huo mrefu mbele na nyuma, miwili mingine inashika kushoto na kulia. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuzuia paa lisilale, ingawa watu wengi wanaiona kama ya kubeba tu.

Mzigo nao si mdogo. Paa ni la vigae vya udongo vilivyoning'inizwa kwa vigingi vidogo kwenye papi za mwaloni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1477 ilitaka kigae kiwe na urefu wa inchi 10 na nusu, upana inchi 6 na robo, unene usiopungua nusu inchi na nusu ya robo. Paa la vigae vya namna hii lina uzito wa kilo 65 hadi 75 kwa kila mita ya mraba. Mwinamo wake ni mkali, karibu nyuzi 50, maana vigae vya mkono vina mikunjo na mvua ya upepo hupenya mwinamo ukiwa mdogo.

Juba na Tezo

Na tazameni masizi. Sebule haikuwa na dohani. Moto uliwaka sakafuni, moshi ukapanda na kujitafutia njia kwenye mianya ya vigae na kwenye matundu madogo ya pembetatu kwenye ncha za paa. Madirisha hayakuwa na kioo, bali nondo za mti zilizosimama wima na mbao za kufunga. Ukipanda darini kwenye nyumba ya Kent na kukuta makombamoyo ya zamani yana ganda jeusi la masizi, hata kama chini kuna dari na dohani, umeshika ushahidi kwamba hapo palikuwa na sebule wazi. Ombi langu kwa mtu yeyote anayefanya ukarabati: usiyasugue. Ukiyaosha umefuta karne nzima.

Mpwani_Kilwa

Wakuu, salamu. Nimeambiwa na mtu aliyekaa huko kwamba nyumba hizi zilijengwa kwa mbao za meli zilizovunjwa, na ndiyo maana miti ina matundu matupu yasiyo na kazi. Ni kweli?

Kombamoyo

Ndugu yangu, karibu. Hadithi hiyo imeenea sana Uingereza yenyewe, na kwa nyumba za mashamba kama hizi si kweli. Wewe mtu wa Kilwa unaweza kuipima mwenyewe. Mataruma ya jahazi yamepinda, kila moja kwa kipimo chake, yamejaa matundu ya misumari na mbao za ubavuni. Nguzo na boriti za nyumba zimenyooka, zina pembe nne, na viungo vyake ni vya nyumba. Miti ya kupinda ipo, lakini ni michache na imechaguliwa kwa ajili ya mikono.

Matundu matupu yana maelezo ya karibu zaidi. Ama hapo palikuwa na ukuta, mlango au nondo za dirisha zilizoondolewa baadaye, ama mti umetoka kwenye nyumba nyingine iliyobomolewa. Mpangilio wa matundu unasema. Safu ya matundu ya umbo la almasi chini ya mti ni dirisha la zamani. Safu ya matundu ya mviringo yenye mfereji chini yake ni ukuta wa fito. Bayleaf ilirudishwa umbo lake kwa kusoma matundu ya aina hiyo.

Na miti haikuwa adimu kiasi cha kwenda kutafuta meli. Oliver Rackham, bingwa wa historia ya misitu wa Cambridge, alihesabu miti ya nyumba moja ya shamba ya karne ya 15 kijijini Stanton, Suffolk. Ilitumia miti ipatayo 330. Nusu yake ilikuwa na kipenyo chini ya inchi 9, na mitatu tu ndiyo iliyofika inchi 18. Yaani walikata vijana wa mwaloni, kila mti mmoja ukatoa boriti moja, wakaacha visiki vichipue tena.

Mwanagenzi

Na waliwezaje kuifumua na kuirudisha bila kuchanganya?

Juba na Tezo

Hapo mafundi wa kale walikuwa wameshasaidia. Kila kiungo kilichongwa kwa ajili ya mwenzake, kwa kulaza mti mmoja juu ya mwingine na kuhamisha mikunjo yake kwa timazi. Hakuna ulimi unaoweza kuhamia tundu jingine. Kwa hiyo waliandika alama. Sogea karibu na mkono wa kona: kwenye bega lake, juu kidogo ya kiungo, kuna mikwaruzo minne sambamba ya ncha ya chuma, na mikwaruzo minne ileile iko kwenye nguzo, sentimita chache tu ng'ambo ya mstari wa kiungo. Nne kwa nne, vinakutana. Waliandika IIII na si IV, tisa ni VIIII, kwa sababu mti unageuzwa juu chini unapochongwa na IV ingesomeka VI.

Kufumua kiunzi kuna utaratibu wake. Kwanza kupima na kuchora kila upande, na kupiga picha. Kila mti unapata kibati chenye namba, kinapigiliwa mahali pamoja kila mara, mfano upande wa kaskazini sehemu ya juu, ili ukiuona chini ujue ulivyokaa. Vigae, kisha papi, kisha udongo na fito. Vigingi vinasukumwa kutokea upande mwembamba kwa chuma cha mviringo. Kinachogoma kinatobolewa katikati kwa keekee. Usikikate kwa msumeno kwenye kiungo, maana unachukua na bega. Makombamoyo yanashuka jozi kwa jozi, kisha ule mti mrefu, nguzo fupi, boriti za kukingama, mtambaapanya, nguzo. Boriti za kukingama zinainuliwa kwenda juu moja kwa moja. Ukizivuta kwa ubavu unavunja lile umbo lililopanuka.

Pete za Mti

Swali kwenu nyote, kwa heshima. Karne zilizofuata Bayleaf iliwekewa dohani la matofali na dari juu ya sebule, kama nyumba karibu zote za namna yake. Makumbusho iliviacha nje na kuionyesha kama ya mwaka 1540 hivi. Mnaonaje? Kwangu mimi dohani lilikuwa historia sawa na mwaloni. Familia zilizoishi nalo ni nyingi kuliko zilizoishi na moshi.

Kombamoyo

Swali zito. Kama nyumba ingekuwa bado Chiddingstone, nakuunga mkono asilimia mia: usiondoe kitu. Lakini ilikuwa imeshang'olewa, bonde linakwenda chini ya maji, na matofali ya dohani hayana namna ya kuhamishwa isipokuwa kwa kulijenga upya. Kwa kuirudisha wazi tumepata kitu adimu: sebule ya mkulima ambayo moto unawashwa kweli, na mtu anajua moshi unakaa usawa gani wa kichwa. Sharti langu ni moja, kwamba kilichoondolewa kiwe kimechorwa na kuandikwa, na mti mpya utofautishwe na wa kale.

Pete za Mti

Nakubali hoja ya bonde. Bado nasikitika, maana mgeni anatoka akidhani nyumba hizi zilibaki na moshi mpaka zikawa makumbusho.

BintiShela

Na mkulima alipata wapi uwezo wa nyumba kama hii? Mwaka 1420 si zamani za mabwana na watwana?

Kombamoyo

Tauni ya 1348 na 1349 ilikuwa imeua sehemu kubwa sana ya watu. Ardhi ikabaki, wafanyakazi wakapungua, ujira ukapanda, na mkulima mwenye nguvu akaweza kukodi shamba kubwa kwa masharti nafuu. Kent nayo ilikuwa na desturi zake za ardhi zilizompa mkulima uhuru zaidi kuliko kaunti nyingi, na London ilikuwa karibu kwa soko. Nyumba za Weald ni za watu hawa: si mabwana, si vibarua.

Mkandikaji

Turudi kwenye ukarabati kabla uzi haujalala. Ugonjwa namba moja wa nyumba hizi ni kitako cha ukuta. Udongo wa nje unapanda miaka kwa miaka, unafunika mawe ya msingi, mti unaanza kulala kwenye unyevu. Halafu anakuja mtu anapiga plasta ya simenti. Simenti haisogei, mti unasogea, ufa mwembamba unafunguka pembeni, mvua inaingia, na simenti hairuhusu maji yatoke kama chokaa inavyoruhusu. Nje ukuta unang'aa, ndani kitako kimekuwa ugoro.

Kupima: chukua sindano nene ya fundi ngozi, ichome chini ya mti, pale unapogusa jiwe, si usoni. Mwaloni mzima unaigomea baada ya milimita mbili tatu. Ikizama hadi mpini, umepata jibu. Mti ukikaa na unyevu chini ya asilimia 20 kuvu haiwezi kuula. Ndani ya nyumba yenye hewa huwa 12 hadi 16.

Juba na Tezo

Na usibadilishe nguzo nzima kwa sababu ya sentimita 40 za chini. Tegemeza kwanza mtambaapanya kwa jeki na nguzo za muda pande zote mbili. Kata sehemu iliyooza mpaka mti mzima, kisha ongeza kidogo. Unga kipande kipya kwa kiungo kirefu cha kulaliana, urefu wake mara mbili na nusu hadi tatu ya unene wa nguzo, na mabega yake yainame kwa hanamu ili maji yatiririke nje na yasikae ndani ya kiungo. Kaza kwa vigingi, au kwa bolti za chuma kisichoshika kutu pale mzigo unapotaka. Chuma cha kawaida hapana, sababu mzee alishaieleza.

Kipande kipya kiwe cha mwaloni uliokauka hewani. Watu wanasikia "zilijengwa kwa mti mbichi" wanaleta mbichi kwenye kiunzi kilichokauka miaka 600. Cha zamani hakisogei tena, kipya kinasinyaa chenyewe, na mwaka wa pili kiungo kina mwanya wa kupitisha kisu.

Mpwani_Kilwa

Na wadudu? Kule hakuna mchwa kama wetu, lakini picha zina matundu.

Mkandikaji

Wapo wa aina mbili wa kuangalia. Mdogo, Anobium punctatum, anatoboa matundu ya milimita moja na nusu hadi mbili, na kwenye mwaloni anakula sehemu nyeupe ya nje tu. Anatisha kwa macho, lakini kiini kinabaki kizima. Mkubwa, Xestobium rufovillosum, ana matundu ya milimita tatu hivi na anaingia hadi kiini, ila anahitaji mwaloni uliolainishwa na kuvu. Majira ya kuchipua dume na jike hugonga vichwa vyao kwenye mti kuitana, na sauti inasikika usiku nyumba ikiwa kimya.

Kabla ya kununua dawa, bandika karatasi nyembamba juu ya matundu mwanzoni mwa Machi na uandike tarehe. Karatasi ikitobolewa kufikia mwisho wa Agosti, mdudu ni hai. Ikibaki nzima, huenda matundu ni ya zamani. Na akiwa hai, tafuta kwanza maji yanaingilia wapi: kigae kilichoteleza juu ya kichwa cha nguzo, mfereji ulioziba, au udongo uliopanda kwenye kitako. Dawa ya kupaka inaingia milimita chache tu, funza yuko ndani kuliko hapo, na anaweza kukaa humo miaka mingi kabla ya kutoka.